Mtaro wa Chini ya Shamba

Mume wangu alipozikwa, mahindi yalikuwa yamefika magotini na nyasi za kukata zilikuwa karibu kutoa mbegu. Naanza hapo kwa sababu watu wanaokuja kunipa pole huuliza alikufaje, nami hujibu kwamba ni kifua, alikohoa msimu mzima na asubuhi moja akafa kabla ya chai. Hakuna anayeuliza shamba aliliacha katika hali gani. Mimi hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Uso wake siku ile sikuutazama sana, niliogopa. Shamba nililitazama kila siku, kwa sababu ndilo lililokuwa mbele ya mlango.

Nililitazama tu, sikulikanyaga. Nilikuwa nimeingia eda. Kwetu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hajipaki mafuta, hajitii manukato, haendi sokoni wala harusini, na kwa desturi ya nyumba niliyoolewa mimi, haendi hata shambani. Shamba letu la Burat, nje ya mji wa Isiolo, lilianza pale ua wa nyumba ulipoishia. Ningerusha jiwe nikiwa nimeketi kwenye kigoda, lingeangukia katikati ya vitunguu. Lakini kukanyaga pale sikuruhusiwa.

Na mvua zilikuwa zimekosa, msimu baada ya msimu. Ng'ombe wengine wote walikuwa wamekufa. Waliobaki ni wale wachache ambao mume wangu aliweza kuwalisha kwa nyasi za shambani, na kila kilichoingia kwenye sufuria yetu, mimi na mama yake, kilitoka ndani ya ule ua wa miiba. Shamba likifa, ng'ombe wangekufa, nasi tungerudi kusimama juani na vikapu tukingoja lori la chakula cha msaada, kama tulivyofanya kabla hajaanza kulima. Hatukuwa na kitu kingine cha kushika.

Niseme kidogo kuhusu udongo ule, kwa sababu si udongo mwema. Juu ni mwekundu na laini, mtu akiupita anaweza kuusifu. Ukichimba kidogo unakutana na udongo mzito wa kijivu unaoshika maji kama sufuria. Zamani maji yetu yalitoka mtoni kwa mfereji, lakini wakulima wa juu yetu wakawa wengi, na mto ulipotufikia sisi ulikuwa tope la kuogea nguruwe pori. Miaka ile kaunti zilipoanza, kikachimbwa kisima kirefu chenye pampu ya sola, na kila familia ikapewa zamu yake. Tulishukuru. Maji yake yalikuwa na chumvi, na wazee wetu wanaokunywa chai ya chumvi walisema wamepunguziwa kazi.

Msimu wa kwanza wa maji yale, mahindi ya upande wa chini yalikauka huku miguu yake imelowa. Mume wangu hakuelewa. Ardhi ilikuwa na unyevu lakini mmea ulikuwa na kiu. Kisha juu ya matuta kukatokea weupe, kama mtu amepita na unga akimwaga. Aliokota, akaonja, akatema. Alichuchumaa pale asubuhi nzima. Mwishowe aliona kitu kimoja: kwenye kona ambapo panya walikuwa wametoboa kingo, na maji yakawa yanavuja kwenda nje, mahindi yalikuwa ya kijani kabisa. Wengine wangeziba matundu ya panya. Yeye alichukua jembe akaanza kuchimba mtaro, kutoka kona ile, upande wote wa chini wa shamba, mpaka laga, yaani ule mto mkavu unaoamka siku ya mvua tu.

Alichimba kiangazi kizima. Watu walimcheka. Mtu wa Isiolo anayechimba njia ya kutoa maji shambani ni mtu wa kuchekwa. Lakini tangu siku hiyo, kila zamu yetu ilipofika, aliyapa mahindi maji kupita kidogo haja yake, na yale ya ziada yakazama udongoni, yakaichukua chumvi, yakatoka nayo kwa mtaro hadi laga. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita na sikuweza kueleza jambo hilo vizuri. Yeye alisoma mpaka la tatu na hakujaribu kulieleza. Alisema tu, "Shamba lazima likojoe. Likizuiwa mkojo litavimba life, kama mtu."

Juu akaweka vitunguu na sukuma, katikati mahindi, chini kabisa nyasi, kwa sababu nyasi huvumilia. Samadi alibeba kwa toroli kutoka kwenye boma, akaizika kwenye matuta. Nyasi alizikata kwa mundu akawapelekea ng'ombe wakiwa nje. Hakuruhusu ng'ombe aingie hata mara moja. Alisema ulimi wa ng'ombe hung'oa, mundu huacha kitako, na kitako ndicho kinachotoa kesho. Udongo ule ulianza kunuka vizuri. Sijui niseme namna gani. Ukiushika ulikuwa unavunjika mkononi wenyewe.

Mdogo wake alikuja kwa maziko kutoka upande wa Merti, akabaki. Alikuja na fimbo na blanketi, basi. Ng'ombe wake wote walikuwa wameishia njiani, akiwahamisha kutafuta majani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kutembea kana kwamba bado kuna mifugo mbele yake. Mama mkwe wangu, ambaye nilimwita ayo, mama, kama wanawe walivyomwita, alimketisha chini jioni moja akamwambia kazi ya shamba sasa ni yake, mpaka eda yangu iishe.

"Mimi kulima sijui, ayo," alisema.

"Kwani kaka yako alizaliwa na jembe? Maji unayajua?"

"Maji nayajua."

"Basi nusu ya kazi unaijua."

Na kweli aliyajua. Alikuwa ametumia ujana wake kwenye visima vya kuchotwa kwa mikono, vile virefu ambavyo wanaume husimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakirushiana ndoo na kuimba, mpaka maji yafike kwenye hori ambapo ng'ombe wanangoja. Alinieleza kwamba mtu akimwaga ndoo moja pale, anatukanwa na mstari mzima tangu wa chini mpaka wa juu, na matusi yale hayasahauliki, hata harusini kwake yatatajwa. Nilisikiliza nikiwa ndani ya mlango na yeye akiwa nje, kama tulivyoongea siku zote zile.

Alimwagilia shamba namna ile ile alivyonywesha ng'ombe. Alikuwa hapimi kwa jembe wala kwa jicho. Aliacha maji yaingie mpaka shamba likatae. Nilikuwa nikimwuliza kila zamu ilipokwisha.

"Shemeji, mahindi yamekunywa?"

"Yamekunywa. Lakini hayana adabu. Ng'ombe akishiba anainua kichwa, anakutazama. Mahindi yako yamenyamaza tu, sijui yanataka zaidi au yananidharau."

Ayo alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu maziko, na mimi nilifurahi kukisikia. Mwanzoni mahindi yenyewe yalipendeza. Yalirefuka, yakawa na kijani kizito, na ayo akawa anamwambia kila mgeni aliyekuja kunipa pole, tazama mwanangu, jana alikuwa mchungaji na leo ni mkulima. Wageni walitazama wakasifu. Nami nilitazama. Kutoka mlangoni, kila kitu kilionekana sawa.

Halafu siku moja alikuja kwenye chai akitabasamu, amelowa matope mpaka mapajani.

"Leo nimemkamata mwizi," alisema.

"Mwizi gani?" nikauliza.

"Maji yetu. Yanatokea chini kule kwenye nyasi, yanaenda zake laga bila kuaga. Sijui kaka aliachaje njia ile wazi. Nimeziba. Nimeweka magunia ya udongo na mawe juu. Sasa hakuna tone linalotoka."

Nikamwambia, "Kaka yako hakuiacha. Aliichimba."

"Aliichimba ili maji yapotee?"

"Ili chumvi itoke."

"Chumvi inatembea kwa miguu, shemeji?"

"Inatoka na maji. Alikuwa akisema shamba lazima likojoe."

Aliweka kikombe chini kwa sababu ya kucheka. Alicheka kwa wema kabisa, kama mtu aliyekumbushwa ndugu yake. Ayo hakucheka. Alinigeukia akasema, "Maneno ya maiti usiyaseme ovyo ovyo."

"Siyasemi ovyo, ayo. Naomba azibue."

"Watu wanakufa kwa kiu toka hapa mpaka Oldonyiro, na wewe unataka mwanangu amwage maji kwenye mchanga. Ukiwa kwenye eda. Wakisikia?"

Shemeji akaacha kucheka. Alisema taratibu, akitazama chini, si usoni mwangu, "Mimi nimesimama kisimani tangu sina ndevu. Nimeona watu wakipigana fimbo kwa maji ya kunywesha mbuzi mmoja. Nimeacha ng'ombe wangu wamelala njiani, macho wazi. Siwezi kuona maji yakienda bure halafu nilale. Nisamehe."

Nilijua kwamba nilikuwa sahihi, na nilijua kwamba kwa yeyote aliyesikia maneno yetu, yeye ndiye aliyeonekana kuwa na akili.

Ikawa sasa kazi yangu ni kuketi mlangoni na kutafuta dalili. Nilikuwa namlilia mume wangu usiku, lakini mchana nilikuwa namlilia kwa macho makavu, nikitazama ncha za majani. Ugonjwa wa chumvi huanzia kwenye ncha. Majani yanaungua pembeni kana kwamba mtu ameyapitisha juu ya moto, kisha yanajikunja mchana na hayajikunjui jioni. Kutoka pale nilipoketi sikuweza kuona ncha. Niliona kijani, kisha niliona kijani kinapungua kidogo, na nilijiambia ni vumbi.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mama Mmeru, yeye na mumewe wanalima nyanya na kabichi. Alikuwa akija nyuma ya nyumba, kwenye ua, kunisalimia.

"Habari ya leo, mama?"

"Nzuri. Shamba langu unalionaje?"

Siku hiyo alisogea karibu zaidi. Alitazama kushoto na kulia kwanza. "Mama, mimi sipendi kuingia maneno ya watu. Lakini kule chini maji yamesimama. Yanasimama, yanakauka, yanaacha kitu. Nyasi zako zimekuwa na rangi ya mkeka."

"Nenda ukazibue mtaro."

"Mimi?"

"Wewe au mzee wako. Toeni magunia tu. Shemeji yangu akiwa sokoni."

Alinitazama kwa huruma, lakini akatikisa kichwa. "Nikigusa magunia hayo, kesho itasemwa Wameru wameiba maji ya mjane. Kesho kutwa vijana watakuja na rungu. Unajua hivyo, mama. Hata wewe hutaweza kututetea, hutoki nje."

Nilijua. Mahali kama Burat, ambapo kila kabila lina kipande chake na kila kipande kina mfereji, mkono wa jirani kwenye maji ya mwenzake si mkono wa msaada, hata ukiwa umeitwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Nilimwomba kitu kimoja tu, aniletee udongo.

Aliuleta kesho yake kwenye pembe ya leso, bonge moja kutoka kwenye nyasi na bonge moja kutoka katikati ya mahindi. La nyasi lilikuwa gumu, halikuvunjika mkononi. La mahindi lilivunjika, na ndani lilikuwa na vipande vyeupe vyeupe kama ukoko wa sufuria. Niliweka udongo kidogo kwenye ulimi. Nilijua ladha ile kutoka msimu wa kwanza wa maji ya kisima, nilipoonja nami wakati mume wangu amechuchumaa akifikiri. Niliutema, nikanawa, nikalia kwa mara ya kwanza mbele ya mtu asiye wa nyumba yetu.

Nilimwomba ayo amtumie ustadhi wa msikiti wetu ujumbe, kuuliza kama naweza kufika shambani. Jibu lilikuja kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa shida ya lazima, arudi kabla ya jua kutua. Nilivaa ndala. Ayo akasimama mlangoni.

"Ustadhi amenipa ruhusa," nilisema.

"Amekupa ruhusa ya kutoka. Hajaniambia nitaficha wapi uso wangu. Mwanamume yuko nyumbani, na mke wa marehemu anatoka eda kwenda kushika jembe? Watasema nini juu yake? Watasema nini juu ya yule niliyemzika?"

"Watasema shamba limepona."

"Hawatasema hivyo."

Alikuwa mama wa watu wawili, mmoja amemzika na mwingine hakuwa amebakiwa na kitu duniani isipokuwa kazi ile aliyopewa. Nilivua ndala. Naandika hivyo jinsi ilivyokuwa.

Nilichofanya ni kumwonyesha shemeji mabonge yale ya udongo. Aliyashika, akayageuza, na safari hii hakucheka. Aliniuliza, "Nikizibua, itapona?" Nikamwambia labda. Aliondoka. Nilimwona akishuka na jembe begani, akapotea nyuma ya mahindi, na moyo wangu ukatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai.

Alirudi jioni akaketi mahali pake nje ya mlango.

"Umezibua?" nikauliza.

"Nilizibua."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja. Nilitoa magunia, maji yakaanza kutoka. Yalikuwa mengi, shemeji. Yakaingia kwenye mchanga wa laga, mchanga ukayanywa, hata alama hakuna. Kulikuwa na mbuzi wa watu wanapita, wakakimbilia, wakakuta mchanga umelowa tu, wakawa wanalamba mchanga. Mwenye mbuzi alinitazama. Alinitazama tu." Aliinua mikono yake akaitazama. "Niliziba tena. Niliziba kwa mikono hii, sikungoja hata jembe. Nimeshindwa. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Ningetaka kumkasirikia, ingekuwa nafuu. Lakini nilipofumba macho niliwaona mbuzi wale pia.

Baada ya hapo ukame ulizidi. Kisima kikapungua, zamu zikakatwa, kisha zikakatwa tena, na yale maji machache tuliyopata yalikuja wakati wa jua kali na kukauka juu juu. Ule weupe ulipanda. Sasa hata mimi niliuona kutoka mlangoni, asubuhi, jua linapoupiga kwa upande. Kwanza ulikuwa mstari chini kabisa, kisha ukaingia kwenye mahindi kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Vitunguu vililala. Mahindi yalitoa mashada ya juu lakini magunzi hayakujaa. Ng'ombe walisimama nje ya ua wa miiba na vichwa juu ya ua, wakilia kila shemeji alipopita na mundu, na kila siku alitoka na mzigo mdogo kuliko wa jana, mpaka siku aliyotoka na kile ambacho mtu angekibeba chini ya kwapa moja.

Siku hiyo nilitoka.

Sikumwomba mtu. Ayo alikuwa akiswali Adhuhuri. Nilichukua jembe la mume wangu nyuma ya mlango, nikapita kwenye upenyo wa ua, na mguu wangu ukakanyaga matuta yake. Yalivunjika kama mkate uliokauka. Nilipita katikati ya mahindi na majani yakawa yananikwaruza, yanatoa sauti ya karatasi. Mume wangu aliponiachia shamba lile lilikuwa na harufu. Sasa halikuwa na harufu yoyote. Sikulia. Nilikuwa na haraka, kana kwamba mtu fulani bado anapumua huko chini.

Nilivua ndala nikashuka mtaroni. Magunia yalikuwa yamegandamana na udongo. Nililima kuyazunguka, nikavuta, nikalima tena. Shemeji alinikuta nimeinama ndani ya mtaro. Nilidhani ataniambia nirudi ndani. Alilichukua jembe mkononi mwangu, polepole, akashuka mwenyewe akafukua. Tuliyatoa yote, na mawe, mpaka njia ikawa wazi hadi laga. Maji yalitoka kidogo, ya kahawia, yakatambaa kama mtu mgonjwa, yakasimama.

Aliyatazama. "Mbona hayaji?"

"Hakuna tena. Mengine yamepanda juu yakakauka. Chumvi imebaki."

"Tufanye nini?"

"Tumwage mengine. Mengi, yasiyo na chumvi. Yaioshe."

"Yako wapi?"

Tulitazama juu wote wawili. Halikuwa jambo la kufikiri, shingo zilienda zenyewe. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Aliinama, akaokota kipande cha ardhi nyeupe, akaweka mdomoni. Hakukitema. Alikaa nacho mdomoni, mtu mzima, kisha akasema, "Nilidhani nayaokoa."

"Najua."

"Kaka angenipiga."

"Asingekupiga. Angechuchumaa hapo akakaa kimya, ungetamani akupige."

Alikaribia kucheka, ikawa kitu kingine, akageuza uso. Niliketi kwenye ukingo wa mtaro. Naweza kuwaambia wanaosoma kwamba mvua zilikuja baadaye, mwaka uliofuata, zikaosha sehemu ya juu, na leo natoa sukuma pale, kidogo, ya kutosha kuuza mafungu barabarani. Katikati na chini hakuna kitu. Nimetia samadi, nimeacha mtaro wazi, nimelima kwa kina. Panaota vichaka vya chumvi tu, ambavyo hata mbuzi huviacha. Lakini siku ile sikujua hata kwamba mvua zitakuja. Nilijua kwamba ile kazi ya miaka yake yote imekwisha, na kwamba nimebaki na wanyama wachache wanaolia nyuma ya miiba na sina cha kuwapa.

"Fungua ua," nilimwambia.

"Ng'ombe wataingia."

"Waingie."

"Kaka hakuwaruhusu. Alisema watang'oa nyasi."

"Nyasi zimebaki fupi kuliko mundu. Fungua."

"Na mahindi?"

"Mahindi gani, shemeji?"

Alikwenda akavuta matawi ya miiba pembeni. Ng'ombe hawakuamini mara moja, walisimama kwenye upenyo wakinusa, kwa sababu hawakuwahi kupita hapo maishani mwao. Kisha wa kwanza akaingia na wengine wakamfuata. Nilifikiri watakimbilia vile visiki vya nyasi, nilikuwa nimejiandaa kutazama viking'oka. Hawakuvigusa. Waliinamisha vichwa pale penye weupe zaidi, wakaanza kulamba chumvi. Walilamba matuta, walilamba mashina ya mahindi pale yanapoingia ardhini, wakisogea mbele mstari kwa mstari, na sauti ya ndimi zao kwenye udongo mkavu ilikuwa ndiyo sauti pekee shambani.

Ayo alikuwa amemaliza kuswali. Alisimama mlangoni pale nilipokuwa nikiketi mimi, mkono juu ya macho.

"Wamepata nini?" aliuliza kwa sauti. "Wanakula nini hao?"

Shemeji alinitazama nimjibu mimi. Nilipangusa matope miguuni, nikavaa ndala zangu, nikapanda kupitia katikati ya mahindi kurudi nyumbani. Jua lilikuwa bado juu, na eda yangu ilikuwa haijaisha.